Rambirambi kwa Aliye Hai

Niliandika hivi: "Mama amekubali. Njoo Jumapili na wazee wako."

Yeye akanijibu: "Pole sana kwa msiba."

Nilikuwa nimesimama kando ya tanuri, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Nikadhani nimeruka neno. Mimi shule niliiacha njiani, kusoma kwangu ni kwa kidole. Basi nikaweka kidole chini ya neno la kwanza nikaanza upya. Pole. Sana. Kwa. Msiba. Sikuwa nimeruka kitu. Nikarudi juu nikasoma na langu, labda mimi ndiye niliyeandika vibaya. Langu nalo lilikuwa sawa.

Mwenye kiwanda chetu cha mikate, tunayemwita Mama Tanuri, aliniona nimeganda akaja kuchungulia juu ya bega langu. Alisoma mara moja tu. Akacheka mpaka akashika meza.

"Huyu anaijua ndoa kabla hajaingia," akasema. "Mwenzangu, mimi ningepewa pole mapema hivyo, leo ningekuwa mbali."

Wenzangu wote wakacheka. Mimi nikaingia stoo nikakaa juu ya gunia la unga, simu mapajani, nikiitazama kama mtu anayesubiri ijisahihishe yenyewe.

Mtu huyo ninayemsema tunamwita Fundi. Anatengeneza mizani, zile za zamani za sahani ya bati na mshale. Pale kwetu kila donge hupimwa kabla halijaingia kwenye bati la kuokea, kwa hiyo mizani ikiumwa kazi inasimama. Siku ya kwanza alipokuja aliutazama mshale kwa muda, halafu akanitazama mimi, akauliza kama mimi ndiye ninayeipangusa. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema mizani ikipanguswa vile husema kweli. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu asiye na haraka na wewe.

Shida ni kwamba aliitengeneza vizuri mno. Wiki zikapita hana sababu ya kurudi. Ndipo nikachukua donge dogo, kama punje ya harage, nikalibandika chini ya sahani. Kesho yake mikate ikatoka midogo, Mama Tanuri akapiga kelele, Fundi akaitwa. Akaigeuza sahani, akaliona donge, akaniinulia macho. Mimi nikaangalia sakafu. Alilibandua, akalitia mfukoni mwa shati, kisha akamwambia Mama Tanuri kwamba mizani hii umri umeenda, inataka kuangaliwa mara kwa mara.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Nikimkumbuka, mizani inaumwa. Mizani ikiumwa, anakuja. Hatukuwa na maneno mengi wala hatukuyahitaji.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa hamtaki. Alisema mtu gani huyu, simu yake ya batani imefungwa mpira, ukimtafuta humpati, ukimtumia picha haioni. Mama naye akawa upande wa kaka, ila yeye alisema kwa huruma. Alimwita Fundi nyumbani, akamkaribisha kiti, akamweleza kwamba hamchukii. Anaogopa tu. Dunia inakimbia na Fundi anatembea, na binti yake atakuwa nyuma yake huko huko.

Na kweli dunia ilikuwa inakimbia. Mama Tanuri akanunua mizani ya umeme, yenye namba zinazowaka, kwa sababu maduka yanayochukua mikate yetu sasa yanaagiza kwa simu na yanataka uzito uliopimwa kisasa. Ile ya zamani ikatupwa nyuma ya stoo. Siku hiyo hiyo nilibandika donge langu chini ya sahani ya ile mpya. Namba zikachezacheza, ikajirudisha kwenye sifuri, ikaendelea na kazi kana kwamba sikuifanya kitu. Nilisimama pale nikajiona mjinga, kama mtu aliyemkonyeza kipofu.

Fundi alipoona njia zote zimefungwa, akafunga mkanda akanunua simu ya tachi. Kaka alifurahi utadhani kanunuliwa yeye. Akamfundisha mwenyewe, na mimi akaniletea yangu, akisema nisimtie aibu mbele ya watu. Toka hapo nyumbani ikawa sifa tupu. Fundi amebadilika. Fundi anajibu papo hapo, hakawii hata kidogo. Taratibu moyo wa mama ukalegea.

Mimi ndiye niliyeanza kumpoteza. Mizani yetu haikuumwa tena, kwa hiyo hakuja tena, zilikuja meseji. Nilimwandikia kwamba nimeikumbuka siku ile mvua ilipotufungia stoo, tukakaa kimya mpaka ikakatika. Kuyaandika hayo kulinichukua muda wa mikate kuiva. Jibu lilifika kabla sijashusha pumzi: "Hongera sana." Nilipoungua mkono kwenye mlango wa tanuri nikamwambia. Akajibu: "Asante kwa taarifa." Nikamwuliza kaka, watu wanaopendana wanaandikiana hivi? Kaka akasema hiyo ndiyo lugha ya sasa, fupi, na kwamba tatizo ni mimi niliyebaki nyuma. Nikaamini. Nikawa nayageuzageuza maneno yale usiku na mchana, nikitafuta mapenzi ndani ya "Asante kwa taarifa".

Sasa pole ya msiba. Hiyo hata kwa kuigeuza ilinishinda.

Nilirudi nyumbani kwa chakula cha mchana, nikaisahau simu mezani nilipokwenda kunawa. Kaka akaichukua ili aone kama Fundi amethibitisha Jumapili. Akaisoma kwa sauti mbele ya mama. Mama alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kuikunja ile ile, akaikunjua, akaikunja tena.

Kaka akaipiga picha meseji ile akaitupa kwenye kundi la ukoo, awaulize shangazi zetu haya ni matusi ya aina gani. Lakini shangazi zetu hawasomi yaliyoandikwa chini ya picha. Waliona "msiba", wakaona neno "Mama" juu yake, yakaanza. Mmoja akatuma kikatuni kinachotoa machozi. Wa pili akatuma mishumaa. Aliye mbali akauliza mazishi ni lini, na kama apande basi leo. Kaka akawa anaandika kukanusha, na kila akikanusha zinaingia pole nyingine juu yake. Simu ya mama ikaita. Mama akapokea, akasikiliza kilio mpaka kikaisha.

"Ni mimi mwenyewe," akasema. "Ndiyo, marehemu. Hapana, bado sijazikwa."

Nilitaka kucheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Akaiweka simu chini. Akaniambia alikubali kwa sababu yangu, si kwa sababu ya simu ya mtu. Ila mtu anayepokea habari njema kutoka nyumba hii na kuijibu kwa kifo, huyo hawezi kumpa binti yake.

"Kama ana neno, aje aliseme hapa," akasema. "Hapa, na mdomo wake, kabla jua halijazama. Asipokuja, Jumapili asihangaike."

Kaka akasema hakuna haja ya kumfuata, apigiwe. Mama akasema apelekewe mtu. Mtu ni mimi.

Karakana yake iko nyuma ya duka la misumari na rangi. Njia nzima niliyapanga maneno ya kumwambia, makali, nikayarudia kimoyomoyo. Nilipofika nikakuta mlango umefungwa mchana kweupe, na kipande cha boksi kimening'inizwa kwenye komeo. Nikaweka kidole. "Fundi amefiwa. Rudini kesho."

Maneno yote niliyoyapanga yakaniponyoka. Kumbe msiba ni wake. Kumbe mwenzangu amefiwa, akachanganyikiwa, akaandika pole mahali pa kupokea pole, na sisi tunamchambua kwenye makundi. Nikagonga.

Alifungua amevaa shati jeusi lililopigwa pasi, vifungo mpaka shingoni. Macho yalikuwa mekundu.

"Pole," nikasema.

"Pole wewe," akasema yeye. Akanishika mikono yote miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Kaa. Umekula?"

Nikakaa kwenye kigoda. Mizani zilikuwa zimetundikwa darini kwa ndoano, sahani zao zikiyumba kidogo kwa upepo wa mlango. Nikamwuliza ni nani, na imekuwaje. Alinitazama kwa namna watu wanavyomtazama mtu ambaye huzuni imemgusa akili. Akaniambia nisijilazimishe kuongea. Akasema alikuwa njiani kuja, nguo ndiyo hizo amevaa, ila kila akifika mlangoni miguu inakataa. Aliogopa watu wasije wakasema amekuja kufurahi.

"Alinikataa, sikatai," akasema. "Lakini alinikataa akiwa ananiangalia usoni. Alinipa kiti kwanza, ndipo akasema hapana. Siku hizi wengi wananiambia hapana, na kiti hawanipi. Sikuwahi kumshukuru."

Nikaanza kulia. Sikujua ninachokililia. Kwa muda mfupi nilijiuliza kama kuna jambo limetokea nyumbani tangu nilipotoka, na yeye kwa ile simu amelijua kabla yangu.

"Unamsema nani?" nikauliza.

"Mama."

"Mama yangu?"

"Mama yako."

"Nimemwacha anakunja nguo."

Alikaa taratibu juu ya kreti la vyuma. Kisha akaitoa simu kutoka ndani ya kopo la mawe ya mizani, akanipa, kama mtu anayekabidhi kitu alichokiokota.

Nilimwambia anieleze toka mwanzo, na aliponieleza alikuwa haniangalii. Siku kaka alipomfundisha simu, alimwonya kwamba kwetu kuona meseji bila kuijibu ni dharau. Alama zikigeuka buluu tu, huku nyumbani watu wanaangalia anachukua muda gani. Yeye akaingiwa na woga. Sasa ile simu yake, meseji ikiingia, inaleta maneno matatu chini ya kioo, ya kuchagua. Ukibonyeza moja umeshajibu.

"Kwa hiyo najibu kwanza," akasema, "nasoma baadaye. Nikipata utulivu ndipo nakaa nakusoma. Kwa kidole."

"Kwa kidole?"

"Unanicheka."

"Hapana," nikasema. "Na mimi."

Tukatazamana. Kumbe muda wote ule kila mmoja alikuwa amekaa upande wake na kidole chake, anamwogopa mwenzake aliyeelimika.

Ile pole ilitoka wapi, nikamwuliza. Akasema wiki iliyopita fundi mwenzake alifiwa, wote walimwandikia vile, na simu ikayazoea maneno. Asubuhi ilipoita akabonyeza la kwanza lililojitokeza. Alipotulia akaanza kusoma. Akafika kwenye "Mama". Jicho likateleza chini, likaona jibu lake mwenyewe.

"Nikasema hii kitu ina akili kuliko mimi, lazima imesoma mpaka mwisho. Sikuwa na moyo wa kuendelea. Nikaenda kupiga pasi shati."

"Endelea sasa."

Akaweka kidole kwenye kioo. Kidole chake ni kinene, kina makovu ya vyuma, kikafunika nusu ya maneno, akawa anakisogeza. "Mama. A-me-ku..." Akasimama. Akarudi nyuma. "Amekubali." Akanitazama. "Amekubali nini?"

"Wewe," nikasema. "Alikuwa amekukubali. Sasa hivi sijui."

Alifunika uso kwa viganja. Nilitaka kuishika mikono yake, nikaona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hasira ambayo sikuijua ilikotoka. Nikamwuliza kuhusu mvua. Nikamwuliza kuhusu mkono wangu ulioungua. Akasema ya mkono aliisoma jioni, akaona kile alichokuwa ameshajibu, ndipo akaitia simu kwenye kopo na kufunika.

"Si ungekuja?" nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Ungekuja tu, useme umekosea."

"Ningekujaje? Mizani yenu haiumwi tena."

Akainuka akaenda kwenye rafu ya mwisho, akavuta gunia. Chini yake kulikuwa na mizani yetu ya zamani, ile iliyotupwa nyuma ya stoo; kumbe aliifuata akaibeba mgongoni. Imepanguswa, bati linang'aa. Lakini mshale wake ulikuwa umeegemea kando. Akaigeuza sahani polepole anionyeshe. Donge langu la mwisho, nililolibandika kabla haijatupwa, lilikuwa pale pale, limekauka, gumu kama kokoto, na alama ya kidole changu juu yake.

"Hii sijaitengeneza," akasema. "Zote humu ndani nataka ziseme kweli. Hii nimeiacha."

Ningependa kusema kwamba moyo wangu ulitulia. Haukutulia. Mtu huyu aliyebeba mizani mbovu mgongoni kwa ajili ya donge la unga ndiye yule yule aliyeniambia asante kwa taarifa wakati ngozi yangu inawaka. Nilijaribu kuwaweka wawili hao kwenye shati moja jeusi, wakakataa kukaa. Na mimi je? Mimi niliyempenda mpole, nikanyamaza watu walipomgeuza, kwa sababu nilitaka wamkubali? Sikujua nimkasirikie nani.

"Twende," nikasema. "Jua linashuka."

Tulipofika mama alikuwa amekaa barazani, kando ya meza yenye zile nguo alizozikunja. Kaka alisimama nyuma yake, simu mkononi. Alipomwona Fundi na lile shati jeusi akasema, kumbe amekuja na sare kabisa. Fundi akasalimia, akabaki amesimama. Akaeleza yote, bila kujipamba: kidole, maneno matatu, kopo, shati. Kaka alimkatiza mara mbili. Akasema hadithi hiyo haiingii akilini, mtu mzima hawezi kujibu kitu ambacho hajakisoma, na kama ni kweli basi aandike radhi kwenye kundi ili shangazi waione.

Mama alimwinulia kaka mkono, akamtazama Fundi.

"Ulidhani nimekufa."

"Ndiyo, Mama."

"Ukafanya nini?"

"Nilifunga kazi."

Mama akanigeukia kuniuliza kwa macho. Nikamwambia ni kweli, kipande cha boksi nimekisoma mwenyewe mlangoni. Simu yake ilikuwa mapajani, bado inaingiza pole.

"Mawifi zangu wa miaka yote," akasema mwisho, "wamenitumia vikatuni vinalia. Mmoja ameshauliza vyombo vyangu vinabaki kwa nani. Huyu niliyemkataa amefunga kazi." Akajifuta jicho kwa haraka, kama anayefukuza nzi. Kisha akavuta kiti kilichokuwa kando yake, akakigonga kwa kiganja. "Kaa, mwanangu. Marehemu anakukaribisha."

Fundi akakaa. Mikono hakujua aiweke wapi.

"Na wewe?" mama akaniambia. "Mimi nilishasema langu, mkanizika. Unamtaka?"

Hapo wote wakanigeukia. Kaka akainua simu yake, kioo kikanielekea, taa yake ndogo ikawaka. Akasema nizungumze vizuri, shangazi wote wako kwenye kundi wanasubiri, wakisikia kwa mdomo wangu mambo yatakwisha sasa hivi.

Niliutazama ule mwanga. Kwa muda nikaona kama najua wanachotaka: maneno matatu yamejipanga chini ya uso wangu, nichague moja, nibonyeze, watu waridhike. Ndiyo. Asante. Nimefurahi. Hakuna hata moja lililokuwa uongo. Hakuna hata moja lililokuwa langu.

Nikamwangalia Fundi. Mfuko wake nao uliwaka, meseji imeingia. Mkono ukaruka wenyewe kuifuata. Nikauona unaruka, na moyo wangu ukashuka nao. Kisha ukasimama katikati, ukarudi gotini, ukatulia. Alikuwa ananitazama mimi, hana haraka na mimi, kama siku ile ya mshale.

Nikainuka. Mimi ambaye kaka yangu sijawahi hata kumpinga kuhusu chumvi, nilimtoa simu mkononi, nikailaza mezani, uso chini.

"Jumapili," nikamwambia Fundi, "usiandike kwamba unakuja. Njoo tu."

"Nitakuja."

"Na siku nitakayokuandikia kwamba nimeungua?"

Alifikiri. Hakukurupuka kujibu. Tulisubiri wote, hata kaka, na kusubiri kule kulikuwa kurefu na hakukumdharau mtu.

"Nitakuja," akasema. "Nikiwa bado nasoma njiani."

Mama akacheka. Mimi sikujua kama nacheka au nalia, na mpaka sasa ukiniuliza sijui. Pale mezani simu ya kaka ilikuwa inatetemeka, inazunguka taratibu yenyewe kama mende aliyelala chali, shangazi zetu wakiuliza amesemaje, amesemaje. Kaka aliinyooshea mkono. Mama akaweka juu ya simu zile nguo alizokuwa amezikunja, ikawa inangurumia chini kwa chini, na hakuna aliyeigeuza.